Wembamba Hauko Kwenye Ncha Pekee: Niliyojifunza Nikihamisha Maua ya Hina Kutoka Daftarini Hadi Kwenye Kioo

Kazi yangu ni kupaka hina na piko. Nilifunzwa Mombasa na shangazi yangu, na tangu nihamie Nairobi nimekuwa nikiifanya kwa wateja wa South C, Eastleigh na Nairobi West, wengi wao wakiwa mabibi harusi na jamaa zao. Kwa muda mrefu mifano ya maua niliichora katika madaftari kwa kalamu ya wino ya milimita 0.3 au 0.5, na mteja alichagua kwa kufunua kurasa. Mambo yalibadilika wateja walipoanza kutaka kuiona mifano kwenye simu kabla ya kunialika, na wengine wakaomba ua la ukurasa huu liunganishwe na jani la ukurasa ule, kisha watumiwe tena. Picha za daftari nilizozipiga kwa simu zilitoka na vivuli na mistari iliyofifia, na kila badiliko, hata la petali moja, lilinilazimu kuchora mkono mzima upya. Ndipo nikaamua kuchora moja kwa moja kwenye kioo.

Ninayaandika haya kwa wachoraji wenzangu, wawe wa hina, wa vitabu vya watoto, wa ramani za nyumba au wa mitindo ya nguo, kwa sababu fedha na muda niliotumia vingepungua sana iwapo ningeelezwa mapema jambo moja: mstari mwembamba hautokani na ncha ya kalamu pekee, bali na kile ambacho kioo kilicho chini ya ncha hiyo kimeundwa kukitambua. Ukilielewa hilo kabla ya kuingia dukani, sehemu kubwa ya maneno ya wauzaji hupoteza nguvu yake.

Kalamu ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ile yenye kichwa cha mpira, ambayo katika barabara ya Luthuli ilipatikana kwa shilingi zisizozidi 200. Nilikuwa na simu ya kawaida ya Android. Kalamu ilifanya kazi, kwa maana kwamba ilipogusa kioo mstari ulitokea. Lakini kichwa chake kilikuwa na upana wa milimita sita hivi, nacho kilifunika mahali hasa nilipotaka kupaona. Katika maua ya hina nusu ya uzuri imo katika vitone vinavyofuata ukingo wa jani na katika wavu unaojaza kiganja, na mchoraji asiyeona kitone kinaangukia wapi hawezi kuvipanga kwa usawa.

Unene huo una sababu. Chini ya kioo cha simu kuna mtandao wa njia za umeme zilizo nyembamba na angavu kiasi kwamba jicho halizioni. Kidole, kwa kuwa mwili hupitisha umeme, kinapokaribia hubadilisha kiasi cha chaji katika njia hizo, na simu hupiga hesabu ili kupata kitovu cha mguso. Kidole hugusa eneo la milimita kadhaa, hivyo mfumo umepangwa kusubiri mguso wa ukubwa wa namna hiyo na kupuuza ulio mdogo mno. Kalamu isiyo na umeme wake wenyewe haina budi kujifanya kidole, na ndiyo maana hata ukichonga kipande cha chuma kikawa na ncha kali, simu nyingi hazitakitambua. Ncha nyembamba isiyo na chochote ndani yake ni pambo tu kwenye kioo cha aina hii.

Baadaye nilipata kalamu yenye kisahani cha plastiki angavu mwishoni mwa ncha ya chuma, kwa shilingi 450. Kisahani hutoa upana unaotakiwa na simu, huku jicho likipenya hadi katikati yake na kuuona mstari unavyozaliwa. Katika kalamu zisizo na betri hii ndiyo ninayoithamini, na kwa mtu anayechora rasimu inatosha kabisa. Ila kisahani hutaka kulala bapa juu ya kioo, na mchoraji anayepiga vitone kwa haraka husikia kila kitone kikigonga na huona baadhi yake havitokei. Chembe ya mchanga ikinaswa chini yake hukwaruza kioo, kwa hiyo nilizoea kukipangusa kila nilipoanza kazi. Tena kalamu hizi hutegemea umeme wa mkono kupita kwenye mwili wake wa chuma. Ukivaa glavu inayofunika vidole vinavyoishika, inakufa papo hapo, na mtu anaweza kuirudisha dukani ilhali haina kasoro.

Kalamu ya tatu ndiyo iliyonifunza zaidi, na pia ndiyo iliyonivunja moyo. Ilikuwa ya kuchajiwa, yenye ncha ya milimita 1.5, na muuzaji aliniambia, "Dada, hii ni ya simu zote, haichagui." Alisema kweli. Nililipa shilingi 2,500, nikamwahidi bibi harusi mmoja wa South C kwamba nitamtumia mifano ya mikono na miguu kabla ya wiki ya harusi yake, na nikaanza kuchora nikiwa na furaha ambayo haikufika jioni.

Kalamu ya aina hiyo ina betri na sakiti ndogo inayotoa mawimbi ya umeme kwenye ncha, ili mtandao ulio chini ya kioo uhisi kama umeguswa na kidole ingawa ncha ni ndogo. Kwa hiyo ncha huonekana vizuri na kitone huanguka pale unapopataka. Lakini kioo kinachoiona kalamu hiyo kama kidole hakipati habari nyingine yoyote kutoka kwake. Hakijui umebonyeza kwa nguvu au kwa upole. Mkunjo wa ua la hina huanza ukiwa mnene na kuishia kwenye unywele, kwa sababu mkono hupunguza kukamua koni iliyojaa hina kadiri unavyosonga, na kwangu hiyo ndiyo roho ya mstari. Kwenye kioo kile kila mkunjo ulitoka ukiwa na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kama waya. Programu nyingine hubahatisha unene kwa kufuata mwendo wa mkono, kwamba ukikimbia mstari unakonda, jambo ambalo hufaa katika saini lakini humpotosha mtu anayechora taratibu.

Jambo la pili lilikuwa mistari ya mshazari. Nilipochora polepole kutoka pembe moja hadi nyingine, mstari ulijikunja kwa mawimbi madogo yaliyofuatana kwa usawa, nami nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka. Nikaweka rula juu ya kioo, nikapitisha kalamu kando yake, na mawimbi yakatokea vilevile. Mpwa wangu, ambaye anasomea uhandisi wa umeme, ndiye aliyenitoa gizani. Alisema, "Mama mdogo, hizo njia za umeme zimepangwa kwa umbali wa milimita kadhaa, na simu inakisia kilichopo katikati yake. Kidole ni kipana kwa hiyo inakisia vizuri. Ncha hii ni ndogo, inakisia vibaya." Tangu siku hiyo rula imekuwa kipimo changu cha kwanza cha kalamu yoyote: mstari wa mshazari, polepole, kando ya rula. Muuzaji anapokuonyesha kalamu hupenda kuandika jina lake kwa kasi, na kasi huyaficha mawimbi.

Kulikuwa pia na tatizo la kiganja. Kwa kuwa simu yangu haikuwa na njia ya kutofautisha kalamu na mkono, kila nilipolaza kiganja ulitokea mstari nisioutaka, au picha ilijikuza na kujizungusha. Nilishona glavu ya vidole viwili, kidole cha pete na cha mwisho, kwa kitambaa cha kunyumbuka kilichokunjwa mara mbili, nikaviacha vitatu vingine wazi. Ilisaidia kwa kiasi, kwani kitambaa chembamba hakizuii mguso wote. Na ikiwa kioo chako huanza kurukaruka na kuchora chenyewe, kabla ya kuilaumu kalamu chomoa chaja: chaja za bei ya chini huingiza kelele za umeme ambazo kioo huzipokea kana kwamba ni mguso. Mimi nilikuwa nikichora huku simu ikichajiwa, na nusu ya adha zangu ilikwisha nilipoacha desturi hiyo.

Bibi harusi yule nilimpelekea mifano ya daftarini. Aliipenda, lakini nililala na uchungu, maana nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba kuchora kwenye kioo si kwa watu wa mkono kama wangu.

Mpwa wangu ndiye aliyenieleza kwamba kuna vifaa ambavyo tangu kiwandani vimewekewa mfumo wa pili, mbali na ule wa kidole, ulio kwa ajili ya kalamu pekee. Samsung ilianza kuuza simu za Galaxy Note na kalamu ya S Pen mwaka 2011, ikitumia ufundi wa kampuni ya Wacom ya Japani. Nyuma ya skrini huwekwa bapa lenye koili nyingi linalotoa uga wa sumaku. Kalamu nayo ina koili ndani yake, hupokea nishati kutoka kwenye uga huo na kuirudisha ikiwa imebeba habari za mahali ilipo na nguvu inayobonyezwa nayo. Kwa kuchora tu haihitaji betri. Apple walipotoa Apple Pencil mwaka 2015 walifuata njia tofauti: kalamu ina betri, lakini mawimbi yake yanaeleweka na iPad zilizoundwa kuyasoma, na zisizoundwa hivyo haziyaelewi hata kidogo. Kompyuta za Surface za Microsoft zina utaratibu wake, na Chromebook kadhaa hufuata mwingine uitwao USI. Kwa kawaida kalamu ya jamii moja haifanyi kazi kwenye kifaa cha jamii nyingine, na hakuna kalamu, hata iwe ya bei gani, itakayokiongezea kifaa mfumo ambacho hakikuzaliwa nao.

Hapo mpango wangu ukageuka. Niliacha kutafuta kalamu ya kufaa simu yangu, nikaanza kutafuta kifaa chenye kalamu yake. Zamu yangu ya kupokea fedha za chama chetu cha kuchangiana ilipofika, nilizunguka maduka ya Moi Avenue na Kimathi nikiulizia Galaxy Tab S6 Lite iliyotumika. Niliichagua kwa sababu ni kishikwambi kilichotolewa mwaka 2020 kikiwa na kalamu ndani ya sanduku, chenye skrini ya inchi 10.4, na kalamu yenyewe ina ncha ya milimita 0.7 na hutambua viwango 4,096 vya nguvu ya mkono. Angalia jina lote kwa makini, kwani Samsung ina vishikwambi vingi vinavyofanana kwa sura ambavyo havina bapa la kalamu, na ukivinunua utarudi kwenye kisahani. Nililipa shilingi 24,000 pamoja na kalamu. Kwa mtu wa kazi yangu hizo si fedha za kutupwa, na kabla ya kuzilipa nilikaa kwenye kiti cha duka hadi muuzaji akaniuliza kama nitakunywa chai.

Kipimo cha dukani ni hiki, nami naomba usikiruke. Sogeza kalamu karibu na kioo bila kukigusa. Alama ndogo ionekane ikifuata ncha. Alama isipoonekana, ama kalamu si yake, ama bapa la nyuma limeharibika au halipo. Kisha fungua programu ya kuandikia, ujaze kioo chote kwa mistari ya karibukaribu, kutoka juu hadi chini na kutoka kushoto hadi kulia. Kifaa cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa safi kwa macho, lakini karibu na ukingo wa kushoto palikuwa na ukanda ambao kalamu haikuandika kabisa ingawa kidole kilifanya kazi vizuri pale pale. Fundi wa simu wa jirani alinieleza kwamba skrini iliyobadilishwa ovyo inaweza kuacha bapa la kalamu likiwa limeumia, na mnunuzi anayejaribu kwa kidole hatalijua hilo. Baada ya hapo chora mkunjo mmoja kwa kuanza na nguvu na kumalizia kwa upole, laza kiganja na uendelee kuchora, halafu maliza kwa rula na mshazari. Muuzaji mwema atakuacha uyafanye yote hayo. Asiyekubali, mshukuru na uende duka la pili.

Wiki za mwanzo kazi yangu bado ilikuwa ya kitoto, na sababu zake zilikuwa za kawaida. Kioo huteleza. Mkono uliozoea ukinzani wa karatasi hupitiliza mwisho wa petali. Nilibandika utando wa kinga usiong'aa, unaoparuza kidogo, na udhibiti ukarudi; lakini utando huo hula ncha ya plastiki, na hupunguza ung'avu wa picha, hivyo rangi za piko na hina nyekundu mimi huzikagua kwenye simu nyingine. Vioo vinene vya kinga, ambavyo wauzaji huviita protekta, sivipendi kwa kazi hii, kwa kuwa huongeza umbali kati ya ncha na mstari, na ukitazama kwa upande unaona kitone kikitokea pembeni ya pale ulipogusa.

Kuna jambo la sumaku pia. Kifuniko cha kishikwambi changu hujifunga kwa sumaku, na nilipokikunja kwa nyuma ili kisimame, mistari iliyopita juu ya sehemu yenye sumaku ilipinda kwa namna isiyoeleweka. Mfumo wa kalamu hii husoma uga wa sumaku, na sumaku iliyo karibu huuvuruga. Nilikivua kifuniko, na mistari ikanyooka.

Upande wa programu, nilijaribu ibisPaint na Krita. Krita ni ya bure, na kwenye Android hufanya kazi katika vishikwambi. Ina mahali pa kurekebisha uhusiano kati ya nguvu ya mkono na unene wa mstari, na marekebisho hayo ndiyo yaliyonirudishia mkono wangu wa koni. Mkono wa mpaka hina ni mwepesi, kwa hiyo niliipanga ili mguso mdogo tayari utoe mstari unaoonekana. ibisPaint ina kitulizaji cha mstari kinachopunguza mtetemeko. Kiweke chini kwa vitone na wavu, na kiongeze kwa mikunjo mirefu, kwani kikizidi mstari huchelewa nyuma ya ncha na pembe kali hugeuka duara. Programu zote mbili huweza kurudia mchoro kwa ulinganifu kuzunguka kitovu, nami hukitumia kipawa hicho kwa duara la katikati ya kiganja tu. Nikikitumia kwa mkono mzima, mchoro huonekana umetoka mashinani, na wateja wangu hutambua.

Nitakaa kidogo kwenye ukubwa wa ukurasa, maana hapa wengi huharibikiwa bila kujua. Kioo hukuruhusu kukuza picha kadiri upendavyo, na ukiikuza sana utachora nyuzi zenye uzuri wa ajabu ambazo hazitaonekana kwenye karatasi. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, ukurasa wa A4 ni pikseli 2,480 kwa 3,508, na milimita moja ni takriban pikseli 12. Mstari wa koni yangu una unene wa karibu milimita moja, kwa hiyo hupanga brashi iwe pikseli 12 mahali ninapobonyeza na ishuke hadi tatu au nne kwenye mkia wa petali. Chini ya hapo mteja hataona vizuri akiichapisha, na hata nikimwonyesha kwenye simu, maua hayo siwezi kuyapaka mkononi mwake kwa hina halisi. Kitabu cha mifano kinachoahidi mistari ambayo koni haiwezi kuitoa humdanganya bibi harusi, na mimi sitaki kumdanganya mtu siku yake. Kabla ya kumaliza albamu yangu nilichapisha ukurasa mmoja, nikauweka kando ya mkono uliopakwa, kisha nikazirekebisha brashi zote.

Mwenzangu mmoja wa Eastleigh anatumia iPad, na yaliyomkuta yanafaa kuelezwa kwa wanaofikiria njia hiyo. Kalamu za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya iPad za kuanzia mwaka 2018 huandika kwa mstari ulionyooka na hukipuuza kiganja, jambo ambalo ile yangu ya shilingi 2,500 haikuliweza, ila hazitambui nguvu ya mkono. Hata Apple Pencil yenye tundu la USB-C, iliyotoka mwaka 2023, haitambui nguvu, ingawa ni ya Apple yenyewe. Anayetaka mstari unaokonda na kunenepa atafute kizazi cha kwanza, cha pili, au Pencil Pro, na kabla ya kulipa ahakikishe kizazi hicho kinakubaliana na iPad aliyo nayo, kwa kuwa havichanganyiki ovyo. Kalamu ya betri iliyotumika ijaribiwe ikiwa imechajiwa kikamilifu na ikiwa imechomolewa, kwani betri ndogo iliyoachwa tupu kwa miezi mingi huenda isishike chaji tena.

Ncha huisha. Yangu ilipoanza kubapa upande mmoja, mistari ilinenepa kabla ya mkono kubonyeza, nikaivuta kwa kikoleo kidogo na kuingiza mpya. Pakiti ya ncha kadhaa ilinigharimu shilingi 600. Usisubiri hadi plastiki iishe yote, maana sehemu ngumu ya ndani ikigusa kioo itaacha mkwaruzo usiofutika.

Kwa asiye na fedha za kishikwambi sasa hivi, ushauri wangu ni kununua kalamu ya kisahani na kuipita ile ya kuchajiwa ya "simu zote". Chora rasimu kwenye simu uliyo nayo kwa mistari ya unene mmoja katika tabaka (layer) la chini la programu, kisha katika tabaka la juu nenepesha matumbo ya petali kwa kupitisha mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Ni kazi ya taratibu, nami niliifanya kwa miezi kadhaa nikisubiri zamu ya chama. Kurasa nilizozichora kwa njia hiyo bado zimo katika albamu, na wateja huzichagua.